Kupandisha nguvu kwa pamoja: mwongozo wa kikundi cha vyuma, kutoka sale moja ya Lubumbashi

Kwa miaka miwili niliamini kwamba nanyanyua kilo 140 kutoka sakafuni. Diski sita zilizoandikwa 20 kwa rangi nyeupe, bare, yaani chuma kirefu kinachobeba diski, tuliyoihesabu 20, jumla 140. Halafu Jumamosi moja mama anayeuza unga wa mahindi mlango wa pili akatuazima mizani yake ya kuning'iniza, tukapima chuma kimoja kimoja. Bare ilikuwa na kilo 13. Diski zilisoma 18.6, 19.2, 20.9, 21.4, 19.1 na 18.8. Kilo 140 zangu zilikuwa 131.

Sale ndiyo jimu kwa lugha ya huku kwetu. Yetu iko Katuba, komini moja ya Lubumbashi: uwanja wenye ukuta, paa la bati nusu, vyuma vingi vimetoka kwa mafundi wa kuchomelea kuliko dukani. Tuko kama kumi na wanne, na tunafanya pawalifti, yaani skwati (kuchuchumaa na bare mabegani na kuinuka), benchi (kulala chali na kusukuma bare kutoka kifuani) na dedilifti (kunyanyua bare kutoka sakafuni), basi. Mwongozo huu ni kwa kikundi kama chetu kinachotaka kila mtu apande kweli na aone kwamba amepanda.

Hatua ya 1: Pima vyuma kabla ya kupima watu

Anza hapa, hata kama vyuma vyenu vimenunuliwa vipya. Azima mizani, lakini usiiamini moja kwa moja. Chupa kumi za maji za lita moja na nusu ambazo hazijafunguliwa zina kilo 15 za maji na gramu mia chache za plastiki. Zitie kwenye mfuko, zining'inize. Mizani ikisema 14 au 17, tafuta nyingine.

Kisha pima kila diski na uandike uzito halisi juu yake kwa rangi ya mafuta, pande zote mbili. Sisi tuliandika mpaka desimali. Ukishajua, unaweza kupanga diski zinazokaribiana ziende kushoto na kulia. Kabla ya hapo niliwahi kuweka 21.4 upande mmoja na 18.6 upande mwingine, karibu kilo tatu za tofauti, huku nikijiuliza kwa nini bega langu la kushoto linalalamika.

Bare ndiyo inayodanganya zaidi. Chuma cha duara kilichojaa, chenye kipenyo cha milimita 28 na urefu wa mita 2.2, kina uzito wa kilo 10 na nusu hivi. Bare ya mashindano inafika kilo 20 kwa sababu ya mikono yake minene ya pembeni inayozunguka. Kwa hiyo bare ya fundi wa mtaani isipopimwa, karibu kila mara ni nyepesi kuliko mnavyohesabu. Na iviringishe sakafuni: ikiruka-ruka imepinda. Chuma laini cha ujenzi hakirudi kikishapinda, na bare iliyopinda inajigeuza mikononi katikati ya skwati.

Mkitaka kutengenezesha diski, nenda kwa fundi na namba, usiende na maneno. Bamba la chuma la unene wa milimita 16, likikatwa duara la sentimita 45 na tundu la sentimita 5 katikati, linatoa kilo 19.7 hivi. Kipenyo hicho cha sentimita 45 ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: kinaiweka bare sentimita 22.5 juu ya sakafu, ndiyo kimo cha dedilifti ya mashindano. Diski zenu zikiwa ndogo, weka vipande vya mbao chini yake mpaka kimo kitimie. Bila hivyo mnajikunja zaidi ya inavyotakiwa, na mgongo ndio unaolipa.

Tengenezesheni pia diski ndogo. Bamba la milimita 5, duara la sentimita 21, linakaribia kilo 1.25, mbili zinaongeza kilo 2.5 kwenye bare. Sale nyingi hapa zina diski kubwa za kujionyesha na hazina hata jozi moja ya ndogo, ndiyo maana watu wanakaa mwaka mzima kwenye 80: hatua inayofuata ni 90, nao hawaiwezi. Kama fedha hazitoshi, funga nati kubwa na vipande vya mnyororo kwenye kitambaa, pima, kaza na waya. Chupa za maji zinayumba, usizitumie kwenye skwati.

Hatua ya 2: Kubalianeni ni nini kinahesabika

Kilo bila sheria hazina maana. Sheria za IPF, shirikisho la kimataifa la pawalifti lililoanzishwa 1972, zinatosha kabisa. Kwa ufupi ni hizi. Kwenye skwati, mkunjo wa nyonga ushuke chini ya kilele cha goti. Kwenye benchi, makalio yasiachane na benchi, bare itulie kifuani kabla ya kusukumwa, na tangu 2023 kiwiko nacho lazima kishuke angalau hadi usawa wa bega. Kwenye dedilifti, magoti yanyooke, mabega yarudi nyuma, bare isipumzishwe juu ya mapaja ikielekea juu.

Hapo ndipo ugomvi ulipo. Tulikuwa na mkubwa wetu mmoja, dereva wa kamioni, mtu wa heshima zake, tunayemwita Yaya, yaani kaka mkubwa, aliyekuwa anafanya skwati ya 160 huku sisi wote tukipiga makofi. Siku tulipoanza kuhukumu, kijana wa chuo aliyekuwa amekaa pembeni akasema polepole, "Yaya, hauyashuka." Kimya. Yaya akarudisha bare kwenye stendi, akamwangalia. Kijana akamwonyesha video kwenye simu. Nyonga ilikuwa juu ya goti kwa upana wa kiganja. Yaya alikaa wiki mbili bila kuja. Aliporudi alianza na 110, akashuka mpaka chini, na hakuna aliyecheka.

Ili kuzuia machungu ya namna hiyo, hukumu isiwe ya mtu mmoja wala ya mkubwa peke yake. Wawili wanakaa pembeni, mmoja kila upande, na wanabadilishana. Simu iwekwe kwenye kimo cha nyonga, ubavuni. Ukiiweka juu, kila skwati inaonekana fupi. Ukiiweka chini kwenye udongo, kila skwati inaonekana nzuri.

Hatua ya 3: Tafuta namba ya kuanzia

Usijaribu uzito wa mwisho siku ya kwanza. Panda taratibu mpaka ufikie uzito unaoweza kuurudia mara tano, ukijua kwamba ungeweza mara mbili zaidi kwa mtindo safi. Hizo mbili tunaziita akiba. Neno hilo mtalitumia kila siku, kwa hiyo lizoeeni: seti (marudio yanayofuatana bila kupumzika) ya marudio matano yenye akiba mbili, seti ya marudio matatu yenye akiba moja.

Kutoka hapo kadiria. Chukua marudio, gawa kwa 30, ongeza 1, zidisha kwa uzito. Mtu aliyefanya kilo 80 mara tano: 5 kwa 30 ni 0.167, kwa hiyo 80 mara 1.167, sawa na kilo 93 hivi. Kwa sababu aliacha akiba, uwezo wake uko juu kidogo ya hapo, na ni vizuri kukosea upande huo. Chukua asilimia 90 ya namba hiyo, kilo 84, uifanye msingi wa mahesabu yako yote. Kanuni hii inaaminika kwenye marudio machache. Ukiipigia mtu aliyefanya mara 15, utapata ndoto.

Hatua ya 4: Aliye mgeni aongeze kila siku

Mtu ambaye hajawahi kufuata mpango ana bahati ambayo hatairudia: anaweza kuongeza uzito karibu kila anapokuja. Siku tatu kwa juma, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Skwati kila siku, seti tatu za tano. Benchi na kusukuma juu ya kichwa kwa kupokezana. Dedilifti seti moja ya tano, mara moja au mbili kwa juma. Skwati ipande kilo 2.5 kila siku, dedilifti kilo 5 mwanzoni halafu 2.5, benchi kilo 2.5 au hata 1.25 inapoanza kugoma.

Anayeanza na 40 kwenye skwati anapita siku 24 katika majuma manane. Mara 2.5, ni kilo 60. Kwenye karatasi anafika 100. Wapo wanaofika, wapo wanaogota kwenye 85. Ukishindwa kumaliza marudio, rudia uzito uleule siku inayofuata. Ukishindwa mara tatu mfululizo, punguza asilimia 10 uanze kupanda tena. Hakuna aibu hapo. Aibu ni kuanza kufupisha skwati ili namba iendelee kupanda.

Hatua ya 5: Aliyegota apande kwa mawimbi

Baada ya miezi sita au mwaka, kuongeza kila siku kunakwisha. Hapo ndipo wengi wanabadilisha mazoezi kila wiki kama wanaobadilisha nguo, wakitafuta dawa kwenye simu. Tunachofanya sisi ni cha kuchosha na kinafanya kazi: wimbi la majuma manne juu ya msingi wa hatua ya tatu. Juma la kwanza, seti nne za tano kwa asilimia 75. La pili, seti nne za nne kwa asilimia 80. La tatu, seti tatu za tatu kwa asilimia 87, na ile ya mwisho uiendeleze mpaka ibaki akiba moja. La nne, pumzika kwa kufanya kazi: seti mbili za tano kwa asilimia 60, uende nyumbani mapema.

Ukimaliza, ongeza msingi kilo 5 kwenye skwati na dedilifti, kilo 2.5 kwenye benchi, uanze upya. Kama ile seti ya mwisho ya juma la tatu ilitoa marudio matatu kwa taabu, usiongeze. Vijana hawapendi juma la nne. Wanaliruka, halafu wimbi linalofuata wanakuja na kiwiko kimefungwa bandeji.

Hatua ya 6: Watatu kwa bare moja

Msijipange kwa urafiki. Jipangeni kwa kimo na kwa nguvu inayokaribiana, watatu kwa bare moja, kwa sababu kila mara mnapohamisha stendi na kutoa diski nne muda unakwenda na misuli inapoa. Mwepesi aanze, mzito amalize, kisha mshushe tena. Seti ya marudio matano inachukua nusu dakika hivi. Mkiongeza kubadilisha diski, kila mmoja anapata dakika tatu au nne za kupumzika bila kuangalia saa. Ndiyo kipimo kinachotakiwa kwa seti nzito. Mkiwa watano mnapoa na maneno yanazidi, mkiwa wawili mnahema.

Wanawake wetu wawili wako kwenye kikundi kilekile na wanaume wepesi, kwa kanuni ileile ya kimo na nguvu. Mmoja wao ndiye anayeshuka vizuri kuliko sisi wote, na wageni wote tunawaambia wamwangalie yeye.

Sasa ulinzi. Chuma kimeua watu kwenye benchi, na wengi walikuwa peke yao. Shika bare kwa kuzungusha kidole gumba, usiiweke juu ya kiganja kilicho wazi. Ukilazimika kufanya benchi peke yako, usifunge vibanio vya pembeni, ili uweze kuinamisha bare diski zianguke. Mlinzi wa benchi asimame kichwani, mikono karibu na bare bila kuigusa, na mkubaliane kabla: "Usiguse mpaka niseme, au mpaka irudi chini." Mlinzi anayegusa kila rudio anakuibia, hujui tena kama ni nguvu yako au mikono yake. Kwenye daftari letu, rudio lililoguswa haliandikwi.

Kwenye skwati nzito, walinzi wawili pembeni, kila mmoja na ncha yake, wakamate kwa pamoja. Bora zaidi ni stendi yenye vyuma vya kudaka. Fundi akiwaletea, msimjaribie na mtu: wekeni uzito mkubwa kuliko wa mwenye nguvu zaidi, muuangushe kutoka sentimita kumi, mwangalie viungo alivyochomelea.

Na umeme. Tunaofanya mazoezi jioni tunajua taa inavyokatika bila kuaga. Sheria yetu: baada ya jua kuzama, hakuna seti nzito bila taa ya betri inayowaka tayari ukutani. Niliwahi kuwa chini ya skwati giza lilipoingia. Niliinuka, lakini kuipata stendi gizani ni habari nyingine.

Hatua ya 7: Daftari moja, na ukuta wa kweli

Daftari la shule la kurasa mia linatosha. Kila mtu ana kurasa zake, na daftari linabaki kwenye sale, haliendi nyumbani. Mstari mmoja kwangu unaonekana hivi: "Jumatano, skwati, 112.5, 4, 4, 4, 4, akiba 2, goti la kulia baridi, nililala saa tano tu." Hilo la goti na la usingizi watu wanalidharau. Lakini ni kwa kusoma mistari hiyo nilipogundua kwamba kila nilipofanya zamu ya usiku nilikuwa napoteza rudio moja au mawili siku mbili baadaye, siyo kesho yake. Nikahamisha siku nzito. Hakuna kilichonisaidia zaidi mwaka ule.

Zamani ukutani tulikuwa tunaandika majina kwa kufuata uzito mkubwa. Watatu waleule juu, kumi na mmoja waleule chini, na wa chini walikuwa wanapotea mmoja mmoja. Tukafuta. Sasa tunaandika kiasi ambacho mtu amejiongezea ndani ya majuma 12, jumla ya skwati, benchi na dedilifti, kwa asilimia ya jumla yake ya zamani. Aliyetoka 300 kwenda 315 amepata 5. Aliyetoka 480 kwenda 492 amepata 2.5. Kwa kuwa mgeni atashinda hesabu hiyo siku zote, wageni wana orodha yao mpaka mwaka utimie.

Yaya wa kamioni alipinga kwa sauti, akisema tunawapa watoto pipi. Labda. Ila tangu tubadilishe, ni mtu mmoja tu aliyeacha, naye alihamia Kolwezi kikazi.

Hatua ya 8: Sahani

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu kuna maneno mengi na ukweli mchache. Kusudia gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 75 anahitaji 120. Gramu 50 za ndakala kavu, wale samaki wadogo, zinatoa kama 30, mayai matatu 18, sahani ya maharagi ya gramu 250 kama 20, konzi mbili za karanga 15, kipande kizuri cha samaki Thomson cha gramu 200 karibu 38. Umefika, na bukari, yaani ugali, bado haijahesabiwa. Bukari yenyewe usiiogope. Ndiyo inayokubeba seti ya nne.

Kreatini, unga wa kuongezea nguvu ya misuli, gramu 3 hadi 5 kila siku, inafanya kazi ikiwa ni ya kweli. Kopo lililofunguliwa au linalouzwa kwa kijiko, acha. Na yule anayekuja na sindano kwenye mfuko wa jaketi, mtoeni nje.

Juni na Julai asubuhi zetu ni za baridi kali na chuma kinauma mikono. Ongeza seti mbili nyepesi kabla ya kazi, na usivue jaketi mapema. Maumivu ya misuli ya kesho yake ni ya kawaida. Maumivu yanayoshuka mguuni kama umeme, au yanayokuamsha usiku, yapeleke kwa mganga wa hospitali, siyo kwa mshauri wa sale.

Hatua ya 9: Siku ya kujaribu, kila majuma 12

Juma la kabla liwe jepesi. Siku yenyewe fanyeni kama mashindano: skwati, kisha benchi, kisha dedilifti, majaribio matatu kila moja, na bora yake ndiyo inayohesabiwa. Uzito unapanda kwa 2.5 au zaidi, haushuki kati ya majaribio.

Jaribio la kwanza liwe uzito unaoweza kuufanya mara tatu siku yoyote, hata ukiwa na malaria ya kusingizia. Anayetaka 150 aanze na 135, kisha 145, kisha 150. Anayeanza na 145 kwa hamasa akakosa amebaki na nafasi mbili na miguu inayotetemeka. Kupasha moto kuelekea 135: bare tupu mara kumi, 60 mara tano, 90 mara tatu, 110 mara moja, 122.5 mara moja, basi.

Mtu mmoja aite amri na wengine wanyamaze. Kwenye benchi asiseme "sukuma" mpaka bare itulie kabisa; hapo ndipo wengi wanapoteza kilo tano walizodhani wanazo.

Mimi nilichukua miezi saba kuzifikia kilo 140 nilizokuwa "nazinyanyua" tangu zamani. Diski kubwa zilikuwa zilezile, na zile mbili nyepesi tulizijazia kwa nati. Kijana wa chuo alijumlisha desimali kwenye simu yake mara mbili, akasema 140.2, akaandika 140.

Jumatatu inayofuata kila mtu akokotoe msingi mpya, asilimia 90 ya alichofanya mbele ya waamuzi, na auandike juu ya ukurasa mpya. Rangi iliyochubuka kwenye diski ipakwe upya siku hiyohiyo.